Akiba ya Ndani ya Mshono

Shingo ndizo zilizonipa khabari mwanzo. Kabla magazeti hayajaandika kwamba bei ya mafuta imeanguka, kabla mtoto wa jirani hajaachishwa kazi kwenye kampuni yake, mie nilikuwa nishajua. Nguo za wale wasichana zilianza kurudi kwangu na shingo nzima, haijang'oka hata puleki moja ya kung'aa.

Nieleze, maana si kila mtu anazijua nguo hizo. Kwenye kumbi za muziki za hotelini hapa Maskati, mteja harushi noti jukwaani wala hamgusi mchezaji. Akipendezwa na msichana humnunulia koja, la maua ya plastiki na karatasi za kumeremeta, mhudumu akapanda nalo jukwaani akamvisha shingoni. Siku ikiwa njema, msichana huvishwa makoja mpaka kidevu kikapotea. Mkubwa wao, mwenye kuwaajiri, hukaa akitizama makoja hayo, na kwa hayo huamua nani abaki na nani arudi kwao. Mie sijatia mguu humo hata mara moja, nimehadithiwa tu. Lakini makoja yale yana waya ndani, na waya hukwaruza puleki, kwa hivyo miaka ya neema kazi yangu kubwa ilikuwa kutengeneza shingo. Nikilalamika, wallahi. Nikisema hawa wasichana wanavishwa maua au wanavishwa misumari? Sikujua kama siku moja nitaitizama shingo safi na moyo uniingie baridi.

Nilizipataje kazi hizo, mie mama mtu mzima, mjane, nakaa Ansab nyuma ya msikiti? Kwa ujinga wangu. Mama yangu alikuwa fundi kule Tabora nilikozaliwa, na mie ufundi nimeurithi kwake. Chumba changu cha kushonea kina mlango wake wa pembeni. Siku moja akaja dereva na mfuko, akanambia kwa Kiarabu cha kuokoteza kwamba ni nguo za ukumbini, za wasichana kumi. Nikafahamu ni za harusi. Sisi tuna harusi za wanawake watupu, watu huvaa wanavyotaka, nani wa kuwaona? Nikashona. Wiki ya pili zikaja nyengine, na ya tatu tena. Nikawa nasema, familia gani hii, inaoza kila wiki!

Ndipo akaja yeye. Dereva alimleta mwenyewe kwa sababu zipu ilikuwa haifungi. Mwanamke mrefu, mweusi wa kupendeza, keshapita miaka thelathini na tano, kavaa baibui la kuazima. Nikamuuliza kwa Kiarabu, akanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, mimi ni wa Kenya. Eldoret."

"Alaa! Sasa mwanangu, harusi zenu haziishi?"

Akanitizama, akaitizama nguo, akanitizama tena. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, machozi yanamtoka. "Harusi? Woi, Mama! Hakuna mtu anaolewa hapo!"

Akanieleza yote, pale pale, bila ya kunificha. Nilikasirika. Nikamwambia Yarabi, mmenitia dhambini na mie nimekaa nakuombeeni dua za maharusi! Nikamrudishia nguo yake na zipu yake mbovu. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwa upole, "Sisi hatuvui nguo huko, Mama. Watu wanadhani tunavua. Tunavaa, tena unatuvalisha wewe. Ukituacha, watatupeleka kwa fundi wa kule Ghala ambaye anatupima kwa mikono."

Nikamwambia arudi akae, nimtie zipu. Dada yangu anayekaa Madinat Sultan Qaboos aliposikia, alininunia mwezi mzima. Nilimwambia, mie nawasitiri. Kama kuna hisabu, nitakwenda kuijibu mwenyewe.

Tokea siku ile akawa wangu. Mie sikujaaliwa binti, nimejaaliwa watoto wa kiume wawili ambao hunipigia simu wakikumbuka. Wasichana walikuwa wakikaa Ghala, mtaa wa karakana, juu ya duka la vipuri vya magari, karibu tu na kwangu. Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko huku hata kwa makanisa, mchana akitoka kanisani hupita kwangu. Namwekea wali na papa, yeye ananishikia kitambaa nikikata, na tunabishana. Kiswahili changu akikicheka, ati naimba. Nami namwambia chako kimetiwa mchanga. Alikuwa ndiye kiongozi wa wachezaji, mwenye kusimama mbele, na nguo ya mwenye kusimama mbele ilikuwa moja, ya kijani, nimeishona mwenyewe kwa siku tisa. Kwao alikuwa na binti mmoja, yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa mwisho. Basi kila kitu cha mwanamke yule kilikuwa kinakwenda kwa binti yule. Nia yake alinambia siku ya mwanzo na hakuibadilisha: abaki Maskati mpaka mtoto amalize.

Sasa, iko tabia moja ya kazi yangu lazima niitaje. Mama yangu alinifundisha kuacha akiba ndani ya mshono. Mafundi wa dukani hukata nguo karibu na uzi, wakabakisha upana wa ukucha. Mie naacha inchi mbili kila ubavu, na tatu nikiweza, nimekunja vizuri ndani ya bitana. Mtu hunenepa, mtu huzaa, mtu hukonda, na nguo inatakiwa imfuate. Wasichana wakinicheka, wakisema nguo za Mama zina nguo nyengine ndani.

Akiba hiyo ndiyo iliyowavusha pale mambo yalipoharibika. Baada ya kazi ya shingo kwisha, oda za nguo mpya nazo zikakatika. Nikamuuliza Mkenya wangu kulikoni, akasema wateja wapo wachache, na waliopo wanakaa na glasi moja mpaka barafu inakuwa maji. Wale makandarasi wa Ghala waliokuwa wakinunua makoja kama wananunua mikate, nusu yao wamefunga karakana. Hata mabibi wa Madinat Sultan Qaboos waliokuwa wakinishonesha kila Idi walianza kunletea nguo za mwaka juzi nibadilishe mikono. Ilikuwa mji mzima unafumua na kushona upya.

Halafu ikaanza ile nisiyoipenda. Dereva huniletea nguo ya msichana ninayemjua, na kikaratasi cha vipimo vya msichana nisiyemjua. Natanua hapa, nabana pale, naipeleka. Wiki moja baadaye nasikia mwenye nguo karudishwa kwao. Mkubwa wao alikuwa hamwondoi mtu mpaka mwengine, wa mshahara mdogo zaidi, awe tayari kusimama mahali pake na nguo yake. Mara ya kwanza sikufahamu. Mara ya tatu nilifahamu, nikawa nikiuona mfuko wa dereva nachungulia kwanza rangi.

Wakati huo huo Mkenya wangu alikuwa anakonda. Nguo ya kijani niliishona kiuno inchi thelathini na nne. Nikaja kuibana ikawa thelathini na mbili, kisha thelathini na moja, kisha thelathini. Nikamgombeza. "Unakula nini huko?"

"Ninakula, Mama."

"Unakula nini, nimekuuliza!"

"Chai."

Nilimwekea sahani nikamwambia haondoki mpaka niuone mkeka kupitia sahani. Alikula huku anacheka, mpaka punje za mwisho akaziokota kwa kidole. Nikaona uchungu, nikenda jikoni kujifanya natafuta pilipili.

Siku tano baada ya kumpima hiyo thelathini, asubuhi, mie ndio kwanza nimemaliza kahawa, dereva akaja na mfuko. Nikachungulia. Kijani.

Nikasema labda zipu tena. Nikafungua karatasi. Kiuno thelathini na nne. Kifua, sitaki hata kusema, kifua cha mtu mwengine kabisa. Urefu umezidi inchi tatu. Mtu hanenepi inchi nne kwa siku tano, wala harefuki. Nikaisoma karatasi ile mara ya pili. Binti alikuwa amebakiwa na muhula mmoja. Mmoja tu! Nikasema lahaula, hawa watu hawana hata subira ya muhula mmoja.

Nikafanya kitu ambacho katika miaka thelathini ya kushona sijapata kukifanya. Nikaishona vibaya kusudi.

Nilichukua ile nguo nikaibana kiuno inchi thelathini barabara, cha mwenyewe, nikaipiga pasi, nikaipeleka kwa dereva na uso wa kheri. Kesho yake ikarudi. Dereva kanuna, ati haimwingii. "Ah, macho yangu," nikasema, "nimesoma vibaya." Nikakaa nayo siku nne. Mara ya pili nikaitanua kiuno, lakini bega moja nikalipandisha juu ya jengine, msichana akiivaa aonekane kama anasikiliza ukutani. Ikarudi. Mara ya tatu nikakibana tena kiuno, nikasema cherahani imekufa na fundi wake kasafiri. Cherahani ilikuwa nyuma yangu imefunikwa kanga, haina hata homa.

Na nikajua watanistahamilia. Hapo ndipo nilipochekea moyoni. Zamani, wakati wa neema, wangeniachia nguo yangu na kushonesha nyengine kwa fundi mwengine kesho yake. Sasa hawana pa kushika. Nguo ile ndiyo pekee ya kusimama mbele, na puleki zile kununua upya ni mali. Mpaka irudi, mwanangu akipanda na kuukuu lake la fundi wa zamani, lisilo na akiba ya kumtanulia mwengine. Umasikini ule ule uliokuwa unamfukuza mwanangu ndio nikaufanya umshike. Lakini aibu niliiona, nisiseme uongo. Mkubwa wao alimtuma dereva aniambie kwamba Mama amezeeka. Mie! Nilikwenda kusali nikalia kwenye mswala kwa ajili ya neno hilo, kisha nikaamka nikauficha uzi wa kijani.

Ijumaa mbili alikuja kula kama kawaida. Hakutaja nguo nami sikutaja. Alikuwa ananitizama tu, kwa namna fulani. Nikadhani hajui. Nikajiona nimebeba siri kubwa kwa niaba yake, na nikazidi kumjazia sahani.

Ijumaa ya tatu akaja na mwenzake. Msichana mrefu, mdogo, ishirini na moja, ishirini na mbili, amesimama nyuma ya mgongo wake kama mtoto aliyepelekwa skuli siku ya kwanza. Nikamtizama mara moja nikakijua kifua kile, nikaujua urefu ule. Nilishakisoma kikaratasi mpaka kimechakaa.

"Mama," Mkenya wangu akasema, "hii kazi yako ya kuharibu nguo, wacha sasa."

"Kazi gani? Mie mzee, macho hayaoni."

"Unaona uzi ukipita kwa sindano bila miwani. Wacha, Mama. Nilijua kutoka ile siku ya kwanza."

"Ulijuaje?"

"Ile karatasi ni mimi niliandika. Mimi ndiye nilimpima."

Akaendelea, taratibu. Mkubwa wao alimwita, akamwambia zamu yake imefika, na kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa wenziwe ampime huyu mgeni na amfundishe. Alimpima kwa futi niliyompa mie mwenyewe. "Nilishindwa kukuambia na mdomo," akasema. "Nikasema nikituma karatasi, Mama ataelewa."

"Nimeelewa! Ndiyo maana nikaharibu!"

"Najua. Na umenisaidia, haki ya Mungu. Nimepata mshahara wa mwezi mwingine, nimetuma. Ada imebaki kidogo, nitaimaliza nikiwa nyumbani, hata kama ni kuuza mboga. Lakini huyu..." Akamvuta yule msichana mbele. "Huyu hajapanda stage tangu afike. Hana nguo. Mtu ambaye hapandi halipwi, anapewa chakula tu. Mpime wewe, Mama."

Nilikuwa bado na hasira, sikuwa tayari kumpenda mtu. Nikachukua futi nikamzungushia kifua kwa nguvu. Akashtuka, akauma mdomo. Nikahisi kitu kigumu chini ya mkono wangu. Nikamfungua kifungo kimoja. Ndani ya sidiria alikuwa kakunja vitambaa, viwili huku na viwili huku, na vyote vimelowa.

"Mtoto ana miezi mingapi?" nikamuuliza.

"Mitano," akasema. Ndilo neno la kwanza nililolisikia kwake. "Yuko kwa nyanya yake. Maziwa yanakataa kukauka."

Wiki tatu. Mie nimekaa hapa wiki tatu najisifu kwa ujanja wangu, nanywa kahawa, nampandisha mtu bega, na huku Ghala juu ya vipuri mama mchanga amekaa na vitambaa kifuani hana cha kupeleka kwa mtoto wake. Niliona haya, niliona haya mpaka miguu. Nilimkumbatia, maziwa yakanilowesha dira langu, nikamwambia nisamehe mwanangu, nisamehe. Yeye hata hakujua anisamehe nini.

Nikaiondoa kanga juu ya cherahani. Mkenya wangu akapiga kofi. "Ona! Imefufuka!"

"Nyamaza, nishikie taa."

Tulishona mchana ule mpaka alasiri, sote watatu. Mkenya wangu ndiye aliyefumua. Alikaa chini na wembe, akafumua kiuno chake mwenyewe, uzi kwa uzi, anaufuta kwa kidole na kuutia kwenye sahani. Nilimwambia aniachie, akakataa. Kiuno kikarudi nilipokianzia, lakini kifuani na kwenye pindo nikaitoa akiba yote iliyokuwa ndani ya mshono. Ilitosha inchi kwa inchi, haikubaki hata ya kushika sindano. Kifuani nikatia bitana ya pamba, nene, inyonye maziwa asiaibike mbele za watu. Msichana alipoivaa akasimama mbele ya kioo, na Mkenya wangu akamrekebisha bega. "Simama hivi," akamwambia. "Ukivalishwa koja, inama kidogo, usikwaruze shingo. Mama atakugombeza."

Nikatazama pengine.

Yule msichana alipotangulia garini, nikamzuia mwenzake mlangoni. Nikamwambia avue baibui, nataka kumpima.

"Ya nini tena? Mimi naenda nyumbani."

"Siku mtoto wako anamaliza chuo utavaa nini? Hilo baibui la kuazima?"

Nikampima. Kiuno inchi ishirini na tisa na nusu. Nikaandika thelathini na nne. Aliona nikiandika, akalivaa tena baibui lake.

Nililishona gauni lile kwa siku tatu, kitambaa cha zambarau nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe, cha Idi. Nikalishona likae mwilini mwake alivyokuwa, amekonda vile, apendeze safarini. Lakini ndani ya mshono niliacha akiba ambayo fundi yeyote angeniona nna wazimu. Alipolijaribu akapapasa ubavu. "Mama, hii nguo ina blanketi ndani."

"Kula," nikamwambia. "Hiyo ndiyo dawa yake. Kula."

Aliondoka siku ya Jumatatu. Sikwenda uwanja wa ndege, siwezi mambo hayo. Ukumbi ule ulivumilia miezi michache zaidi, kisha ukafungwa. Yule mama mchanga alipata kupeleka pesa kwao miezi minne, alinambia mwenyewe alipokuja kuaga, na kifua kimekauka. Nguo ya kijani akaniachia. Shingo yake ilikuwa nzima.

Mkenya wangu alikuwa akiniandikia mara moja moja kwenye simu. Anauza mboga. Mvua zimenyesha. Mtoto anakusalimia. Khabari ya ada nilikuwa naogopa kuuliza, naye hakuitaja, nikafahamu kwamba ni nzito.

Mwaka jana, asubuhi, simu ikalia kengele moja, picha. Kwanza nikamwona binti, kofia nyeupe ya wauguzi kichwani, meno yote nje. Ubavuni mwake mwanamke amevaa zambarau. Nikavaa miwani, ndiyo, siku hizi navaa kweli, nikaikuza picha kwa vidole viwili. Sikutizama uso. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa gauni. Pale ulipokuwa mshono wangu pana mstari wa vitundu vya sindano, na mshono mpya upo mbali, ukingoni kabisa. Fundi wa huko si mzuri, kapinda kidogo.

Nilikaa kwenye kiti cha cherahani nikalia kwa sauti, na jirani akaja mbio akidhani nimefiliwa. Nikamwambia hapana, mtu kanenepa.

Kisha nikamwandikia: "Umejaa, bibi wee."

Akajibu pale pale. "Kitambaa kimeisha, Mama. Shona ingine."